Kurekebisha rekodi kusifute tarehe yake ya kwanza

MWANANCHI anapoomba kubadilishiwa namba ya simu katika rekodi ya kiwanja chake, anachotaka ni namba mpya tu. Hatarajii kwamba kesho yake kiwanja hicho kitasomeka kana kwamba kimeandikishwa jana.

Lakini jambo hilo linawezekana. Mfumo wa kompyuta uliotengenezwa bila uangalifu unaweza kupokea rekebisho dogo la jina, simu au anwani na papo hapo ukaifuta tarehe ambayo rekodi ilianza, kisha ukaweka ya leo. Hakuna kengele inayolia wala karani anayegundua. Mwenye mali hujua miaka mingi baadaye, akiwa mbele ya wapatanishi au benki.

Kwa wakazi wa Rusizi, ambayo wengi wetu bado tunaiita Cyangugu, hili si suala la mafundi wa kompyuta peke yao. Hapa wanaishi watu waliorudi nyumbani kwa nyakati tofauti, pamoja na wafanyabiashara ambao riziki yao inapita kila siku kwenye madaraja ya Mto Rusizi. Kwa makundi yote mawili, haki mara nyingi husimama juu ya swali moja: ilikuwa lini?

Tuanze na wanaorejea. Itifaki ya Arusha kuhusu kurudi kwa wakimbizi, iliyotiwa saini Juni 9, 1993, ilitambua haki ya kila mkimbizi kurudi nchini. Hata hivyo, kwa ajili ya maelewano, ilipendekeza kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai mali ambayo tayari inakaliwa na mtu mwingine, bali serikali imtafutie ardhi na kumsaidia kuanza upya.

Msomaji aone uzito wa kipengele hicho. Watu wawili wangeweza kutoka kilima kimoja na kuacha mashamba yaliyopakana, kisha mmoja akarejea shambani kwake na mwingine akapewa ardhi kwingine. Kilichowatenganisha ni mwaka wa kuondoka.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika hadhi ya ukimbizi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilipendekeza kwamba kuanzia Juni 30, 2013 hadhi hiyo ikome kwa Wanyarwanda waliokimbia kati ya 1959 na Desemba 31, 1998. Aliyekimbia Desemba 1998 alihesabiwa ndani ya pendekezo hilo, na aliyekimbia Januari 1999 akabaki nje yake. Wiki chache zilitosha kubadilisha maisha ya mtu.

Waliorudi kutoka Kongo kupitia upande wetu wamekuwa wakipokelewa kwanza katika kituo cha mpito cha Nyarushishi, hapa hapa wilayani. Jina linaloandikwa siku ile ndiyo rekodi ya kwanza ya mtu huyo katika nchi yake baada ya miaka mingi. Baadaye zitafuata kitambulisho, bima ya afya, shule ya watoto na ardhi. Kila hatua itaongeza kitu na kurekebisha kingine, lakini siku ya kupokelewa inabaki ile ile, na hakuna ofisi yenye sababu ya kuigusa.

Kuhusu ardhi, Rwanda ilifanya kazi kubwa ambayo nchi nyingi jirani bado zinaiota. Baada ya sheria ya ardhi ya 2005, zoezi la kuandikisha ardhi nchi nzima lilifanyika kati ya 2009 na 2013, na zaidi ya viwanja milioni 10 vikapimwa na kuandikwa. Januari 2023 zikaanza hati za kielektroniki badala ya karatasi. Mkulima wa Bugarama mwenye shamba la mpunga na mwenye duka wa Kamembe leo wote wanaonekana katika hifadhi moja ya taifa.

Tunaipongeza hatua hiyo bila kusita. Lakini karatasi ilipoondoka, pamoja nayo uliondoka ushahidi ambao mtu wa kawaida aliweza kuuona kwa macho: mhuri uliofifia, wino wa zamani, mkunjo wa miaka. Katika kompyuta tarehe ya 2010 na tarehe ya leo hufanana kabisa. Ikibadilika haiachi alama yoyote, isipokuwa kama aliyetengeneza mfumo aliamua tangu mwanzo kwamba alama iachwe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunaongeza kwamba daftari lililopoteza tarehe nalo limeanza kuisha.

Ni vema tueleze kwa lugha nyepesi jinsi tatizo linavyotokea, ili mwananchi ajue la kuuliza na kiongozi ajue la kudai.

Mifumo ya siku hizi haikai peke yake. Simu ya wakala, tovuti ya huduma, kompyuta ya benki na hifadhi ya serikali huzungumza kupitia milango maalumu ambayo wataalamu huiita API. Mlango huo hupokea ombi, mfano "badilisha namba ya simu ya rekodi hii", na kulipeleka ndani kwenye hifadhi.

Ombi la namna hiyo lina njia mbili kuu. Ya kwanza, iitwayo PUT, humaanisha: ondoa nakala yote iliyopo, weka hii niliyoleta. Ya pili, iitwayo PATCH, ambayo iliwekwa rasmi katika kanuni za intaneti Machi 2010, humaanisha: gusa sehemu hii tu, nyingine ziache.

Hatari kubwa iko katika njia ya kwanza. Karani anajaza fomu yenye jina, simu na anwani. Fomu haina nafasi ya tarehe ya kuanzishwa, kwa kuwa karani hapaswi kuibadilisha. Mfumo unapokea fomu, unaitupa nakala ya zamani na kuweka mpya. Tarehe imekwenda na ile ya zamani. Programu inakuta nafasi tupu na kuijaza kwa tarehe ya siku hiyo. Karani amefanya kazi yake kwa uaminifu, na rekodi imeharibika.

Kosa jingine hutokea ndani ya hifadhi yenyewe. MySQL ni miongoni mwa hifadhidata zinazotumika sana duniani. Kwa miaka mingi safu yake ya kwanza ya aina iitwayo TIMESTAMP ilijibadilisha yenyewe kila rekodi iliporekebishwa, mtengenezaji asipoamuru vinginevyo. Aliyeiwekea safu hiyo jina la "tarehe ya kuanzishwa" bila kutoa amri hiyo alijikuta na tarehe ya rekebisho la mwisho. Tabia hiyo iliacha kuwa ya kawaida katika toleo la 8.0, lililotoka 2018, lakini mifumo iliyojengwa kabla ya hapo haikutoweka yote siku ile.

Kosa la tatu ni kuhamisha kumbukumbu kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Wahamishaji wakiingiza rekodi laki moja usiku mmoja bila kubeba tarehe zake za zamani, zote zitasomeka kuwa zilizaliwa usiku huo. Mstari wa nani alitangulia na nani alifuata utakuwa umefutika kwa kila mtu, ingawa majina yote yamefika salama na hesabu ya rekodi imetimia.

La nne ni mfumo kukubali tarehe yoyote inayoletwa kutoka nje. Hapa hatari si bahati mbaya tena, ni udanganyifu. Ikiwa simu au kompyuta ya mwombaji inaweza kutuma tarehe ya kuanzishwa na mfumo ukaiamini, basi mjanja ataandikisha leo na kujiandikia mwaka juzi.

Tuseme wazi madhara yake. Kiwanja kimeuzwa mara mbili, jambo ambalo wenyeji wa mijini wanalijua vizuri. Mnunuzi wa kwanza ameandikisha ombi lake mwezi wa pili, wa pili akaja mwezi wa tano. Mwezi wa saba yule wa kwanza anarekebisha herufi moja ya jina lake. Mfumo wenye kasoro unamhamishia mwezi wa saba. Aliyetangulia amekuwa wa mwisho kwa sababu alitaka jina lake liandikwe sawasawa.

Majirani zetu wa Kenya wameonyesha jinsi mahakama zinavyoweza kurudi hadi mwanzo. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali kilichogawiwa kwa mara ya kwanza 1989 kwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kampuni iliyokinunua baadaye ilikuwa na hati mkononi. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi, ni lazima mzizi wake uonyeshwe kuwa halali. Kampuni ikashindwa.

Funzo la hukumu hiyo linavuka mipaka. Hakimu akitaka kujua mzizi wa haki, atauliza nini kilitokea kwanza, lini, na kwa utaratibu gani. Mfumo unaoweza kumjibu kuhusu rekebisho la mwisho peke yake haumsaidii hakimu, na unamwacha mwenye haki bila shahidi.

Sasa tuje kwa wafanyabiashara. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007 na kuanza kutumia umoja wa forodha 2009. Kwa kawaida viwango vipya vya ushuru vya Jumuiya huanza Julai 1, baada ya bajeti za Juni. Sheria ya forodha ya Jumuiya inasema kiwango kinachotozwa ni kile kilichopo wakati bidhaa zinapoandikishwa kwa matumizi ya ndani.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kamembe aliyeandikisha mzigo wake Juni 29. Julai 2 inagundulika kwamba uzito ulikosewa kwa kilo chache, naye anarekebisha kwa uaminifu. Ikiwa rekebisho hilo litaisogeza tarehe ya kuandikishwa, atakuwa amevuka mwaka wa fedha bila kuhama ghalani. Pale kiwango kilipopanda atalipa asichodaiwa, na pale kiliposhuka serikali itapoteza ilichostahili. Kasoro hiyo haina rafiki.

Hata saa zina neno lake hapa. Rwanda na Bukavu ziko saa mbili mbele ya saa ya kimataifa, na Dar es Salaam iko saa tatu. Ikiwa Dar es Salaam ni saa sita na nusu usiku wa kuingia Julai 1, hapa Kamembe bado ni saa tano na nusu usiku, Juni 30. Ndiyo maana wataalamu hushauri kwamba hifadhi ibebe saa ya kimataifa, na saa ya mahali ionyeshwe wakati wa kusoma.

Wafanyabiashara wadogo, wengi wao akina mama wanaovusha nyanya, unga, mayai na sambaza kati yetu na Bukavu, wana jambo lao pia. Wengi wamejiunga katika vyama vya ushirika, kama serikali ilivyowahimiza tangu Wakala wa Ushirika wa Rwanda ulipoanzishwa 2008. Wanapoomba mkopo, benki huuliza: chama chenu kina miaka mingapi? Chama cha miaka 12 kikibadilisha mwenyekiti kisha kikasomeka kuwa na miezi miwili, akina mama wale wamepoteza kitu ambacho hawawezi kukinunua tena sokoni.

Isitoshe, mpaka wetu hauna utulivu wa kudumu. Ulifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Februari 2025 kundi la M23 liliingia Bukavu, na watu wakakimbia kwa haraka. Anayekimbia habebi kabati la mafaili. Akifika salama, ushahidi pekee wa biashara yake unaweza kuwa ule ulioko katika kompyuta ya ofisi fulani. Kwa mtu kama huyo, rekodi iliyoandikwa upya ni hasara ya pili.

Zipo hoja za upande mwingine, nazo tunaziheshimu. Wapo watakaosema tarehe za mwanzo zenyewe mara nyingi si sahihi. Ni kweli. Watu wengi wanaandikwa kuwa walizaliwa Januari 1 kwa sababu mwaka tu ndio ulijulikana. Aliyerudi baada ya miaka 30 huenda hakumbuki mwezi alioondoka.

Jibu letu ni kwamba hapa zinachanganywa tarehe tatu zilizo tofauti. Kuna tarehe ya tukio: siku ya kuzaliwa, ya kununua shamba, ya kuvuka mpaka. Kuna tarehe ambayo tukio hilo liliandikwa katika mfumo kwa mara ya kwanza. Na kuna tarehe ya rekebisho la mwisho. Ya kwanza inaweza kusahihishwa ushahidi ukipatikana, tena sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Oktoba 2021 inampa mwananchi haki ya kuona taarifa zake na kuomba zisahihishwe. Ya tatu hubadilika kila mara, na ndiyo kazi yake. Ile ya pili huandikwa mara moja na mfumo wenyewe, na mwombaji hana ruhusa ya kuigusa.

Wengine watasema kuhifadhi historia yote ni gharama. Tunawajibu kwamba tarehe moja haijazi hata herufi chache za kumbukumbu ya kompyuta, wakati kesi moja ya shamba hula miaka ya familia mbili, nauli za mashahidi na amani ya kilima kizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nchi yetu ina mfano mzuri wa kubadilisha bila kufuta. Mwaka 2006 mgawanyo wa utawala ulibadilishwa, na eneo la iliyokuwa Cyangugu likaingia katika Mkoa wa Magharibi. Anwani za watu zilibadilika. Lakini hakuna aliyedai kwamba mtu aliyezaliwa Cyangugu 1970 amezaliwa upya 2006 kwa kuwa sasa anaitwa mtu wa Rusizi. Jina la mahali lilirekebishwa, na mwaka wa kuzaliwa ukabaki pale pale. Kompyuta nazo zifuate busara hiyo.

Kwa mantiki hiyo, tunatoa rai ifuatayo.

Kwanza, kila taasisi ya umma inayonunua au kutengeneza mfumo wa kumbukumbu iandike katika mkataba kwamba tarehe ya kuanzishwa kwa rekodi iwekwe na mfumo wenyewe, mara moja tu. Tarehe yoyote ya namna hiyo inayoletwa na fomu ya nje ipuuzwe au ikataliwe.

Pili, kinga hiyo isiachwe kwa programu peke yake. Iwekwe pia katika hifadhidata, ili hata fundi mpya asiyejua historia ya mfumo akikosea, hifadhi imkatalie. Nyumba yenye vitu vya thamani huwa na kufuli mlangoni na nyingine kabatini.

Tatu, kila rekebisho liache nyayo: nani alibadilisha, lini, kitu gani, na kilikuwaje kabla. Ikilazimu kusahihisha tarehe ya tukio kwa amri ya mahakama, ya zamani isifutwe. Iandikwe mpya kando yake pamoja na sababu.

Nne, wakati wa kuhamia mfumo mpya, tarehe ya kuhamishwa iwe na safu yake. Kabla mfumo wa zamani haujazimwa, rekodi chache zichaguliwe kutoka kila wilaya zikalinganishwe, mpya kwa ya zamani, mbele ya wawakilishi wa wananchi.

Tano, pafanyike jaribio dogo kabla mfumo haujafunguliwa kwa umma. Tengeneza rekodi, soma tarehe yake. Badilisha namba ya simu. Soma tarena hiyo tarehe. Ikiwa imesogea hata sekunde moja, mfumo haujawa tayari. Jaribio hilo huchukua dakika chache, na mkuu wa ofisi yeyote anaweza kulisimamia bila kuwa mtaalamu.

Kwa wasomaji wetu tunasema: msitupe karatasi zenu kwa sababu kuna kompyuta. Hati ya zamani, risiti ya kwanza, lesepase iliyogongwa muhuri, barua ya chama, vyote vitunzwe mahali pakavu na vipigwe picha. Kila mnapofanya rekebisho, ombeni kuona rekodi nzima kabla ya kuondoka dirishani, na macho yaende kwenye tarehe kabla ya jina. Ikiwa imebadilika, semeni siku ile ile, maana leo nakala ya zamani huenda bado ipo.

Kwa vijana wetu wanaosomea kompyuta, Kigali na kwingineko, tunaomba wakumbuke jambo moja wanapoandika amri ya kubadilisha rekodi. Nyuma ya safu hiyo ndogo yuko mama aliyerudi na watoto wawili na ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomoka, akitafuta karani atakayemwandika. Siku aliyoandikwa ni mali yake. Wenye mifumo wana wajibu wa kuitunza, na wananchi tuna haki ya kuwauliza kama imetunzwa.